Kiwanja cha Mbweni na Zaburi ya Kumi na Tano

Katika ukoo wetu, habari ya urithi inaanza na mtu ambaye nusura yeye mwenyewe awe urithi. Mama yake bibi yangu mzaa baba alichukuliwa akiwa mtoto mdogo kutoka upande wa Ziwa Nyasa, akatembezwa hadi pwani, akapakiwa jahazini. Soko la watumwa la Mkunazini, mjini Unguja, lilikuwa limekwisha kufungwa kwa mkataba alioutia saini Sultani Barghash mwaka 1873, lakini biashara yenyewe haikufa siku ile. Majahazi yaliendelea kupita kwa siri. Jahazi lao likakamatwa na manowari ya Waingereza, na watoto wakapelekwa Mbweni, hapa hapa Unguja, kwenye shamba ambalo UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, ililinunua mwaka 1871. Kama jahazi lile lingefika lilikokuwa likienda, angekuwa mali ya mtu. Na mtu yule angekufa, bibi yetu angehesabiwa pamoja na minazi, mbuzi na vyombo vya ndani, akagawiwa kwa warithi.

Nalitanguliza hili kwa sababu nasikia mahubiri mengi yanayosema mali si kitu, tuwaachie watoto imani na inatosha. Siwezi kuyaitikia kwa moyo wote. Mtumwa hakuwa na chake cha kurithisha. Alichokichuma kilikuwa cha bwana wake. Kwa watu tuliotokana na Mbweni, kuwa na kipande cha ardhi na kukiacha mikononi mwa watoto wako ni heshima, na wazee wetu waliilipia. Lakini nimeishi kiasi cha kuona kwamba kilichotuweka pamoja sisi ndugu si kiwanja. Kiwanja ndicho kilichotaka kututenganisha.

Huyo bibi tulimwita Bibi wa Mbweni, ingawa mimi sikumkuta. Nilisimuliwa na binti yake. Alisoma katika shule ya wasichana ya misheni iliyokuwa chini ya Bi. Caroline Thackeray, Mwingereza aliyefika Mbweni mwaka 1877; magofu ya shule ile yapo hadi leo karibu na bahari. Alijifunza kusoma na kushona, akabatizwa, akaolewa na kijana wa hapo hapo katika Kanisa la Mtakatifu Yohana. Alipofariki aliacha jembe, kanga, sufuria na Biblia ya Kiswahili cha Unguja, ile iliyotoka kamili mwaka 1891 kutokana na kazi aliyoianza Askofu Edward Steere. Biblia ile ililiwa na mchwa nyumbani kwa bibi. Ilipofunguliwa ilikuwa imebaki jalada na vumbi.

Kilichobaki ni sala yake. Kila usiku aliwaombea kwa majina watoto aliokuwa nao jahazini, wale aliowakumbuka. Mama yake hakuweza kumtaja, kwa sababu alichukuliwa mdogo mno, na mtoto mdogo humjua mama yake kwa kumwita mama. Basi akimaliza majina ya wenzake alisema: "Na mama yangu, unayemjua wewe." Bibi yangu akaipokea: "Na mama yake mama, unayemjua wewe." Ilipomfikia baba ilikuwa imefupika: "Na yule mama, unayemjua wewe." Sisi watoto tuliitikia kila usiku, na mimi nikidhani ni Bikira Maria. Nilikuwa nimeshakuwa mwari ndipo bibi aliponikalisha jikoni akanieleza ni nani.

Makanisa yetu yaliyolelewa na UMCA yana desturi ya kuwaombea marehemu, kwa hiyo sala yenyewe si jambo la ajabu. Lililonishika ni jingine. Kuna mwanamke ambaye hakuna kati yetu anayejua jina lake, kaburi lake wala lugha aliyombembelezea mwanawe, na kwa vizazi vinne hakuna usiku uliopita nyumbani kwetu bila kuombewa. Hati ya kiwanja isingeweza kunipa mama huyo, nami ninaye.

Mama yangu mzazi yeye alitoka Masasi, alikokulia kijiji kizima kikisali kanisa moja. Alipoolewa Unguja akakuta mtaa mzima ni Waislamu, na nyumba za Wakristo ni za kuhesabu. Wapo wanaojifungia wakifika katika hali hiyo, wakawakataza watoto hata kucheza nje. Mama alikaa akaangalia majirani wanafanya nini na watoto wao.

Aliyekaa Unguja anajua ninachosema. Mtoto akitoka skuli anakula, anabadilisha nguo, anakwenda chuoni kusoma Kurani. Wasichana na mitandio yao, wavulana na kofia, juzuu kifuani. Kila siku. Hakuna anayesubiri hadi Ijumaa. Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi bibi tuliyemwita Bi Mkubwa, na chuo kilikuwa barazani kwake, sauti za watoto zikifika hadi jikoni kwetu. Siku moja mama akatuambia, "Wenzenu wanafundishwa kila siku. Nyinyi mnangoja Jumapili?" Kisha akavaa kanga yake akaenda kumuuliza Bi Mkubwa, bila haya yoyote, watoto hawa wanafundishwaje hata wakashika namna ile.

Jawabu la Bi Mkubwa mama alilirudia maisha yake yote. "Mwanangu, mtoto hushikishwa kwanza. Kufahamu kutamjia ukubwani. Na usimwachie mwalimu peke yake. Mimi hapa huwa nakaa nikasikiliza."

Basi na sisi tukawa na chuo chetu uani. Mama alikalia mbuzi akikuna nazi ya chakula cha jioni, sisi tumekaa mkekani mbele yake. Anasema mstari, tunaufuata kwa sauti moja, anaurudia, tunaufuata, mpaka ushike. Zaburi ya 1, ya 15, ya 16, ya 23, ya 121, ya 127, wimbo wa Maria, na zile Heri za Mathayo sura ya tano. Hakueleza maana. Ukiuliza alikwambia, "Shika kwanza." Kuna watu wa kanisani waliomlaumu kwamba anatufanya kasuku, kwamba dini ni moyo na si kukariri. Nimelipima neno hilo kwa miaka mingi na sikubaliani nalo. Usiku niliojifungua mwanangu wa mwisho damu ilitoka nyingi, na sala ya kutunga mwenyewe sikuiweza hata sentensi moja. Ilikuja Zaburi ya 121, nzima, kwa sauti ya mama, pamoja na ule mkwaruzo wa nazi kwenye mbuzi. Nitayainua macho yangu niitazame milima. Unguja hatuna hata milima. Lakini nilishika pale, nikashikilia hadi asubuhi. Aliyefundishwa kusali kwa maneno yake tu, siku maneno yakimkauka atashika nini?

Maana tuliipata kwa baba, na baba alikuwa mtu wa maneno machache.

Alikuwa fundi seremala, karakana yake ikiwa nyuma ya nyumba, chini ya bati. Alitengeneza vitanda, makabati, na mara mojamoja milango ya kuchonga. Mwaka mmoja mtu alimwagiza mlango wa mvule. Wakapatana bei kwa mdomo, wakapeana mikono, baba akapokea kiasi cha kuanzia. Kabla hajanunua mbao zote, mbao zikapanda bei vibaya. Msaidizi wake akamwambia, "Fundi, mwite mwenyewe aongeze. Hata yeye anajua hali ya mbao." Baba akamuuliza, "Nilimwambia shilingi ngapi?" Akamtajia. "Basi hiyo hiyo," baba akasema, akarudi kwenye randa yake. Nyumbani tulikula muhogo na dagaa muda mrefu baada ya hapo, na wali ukawa wa Jumapili.

Jioni za siku zile tulikuwa kwenye Zaburi ya 15. Bwana, ni nani atakayekaa katika hema yako? Kisha yanafuata majibu, ni nani na ni nani, mpaka unafika pale panaposema: ingawa ameapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake. Kaka yangu mkubwa alinyamaza ghafla katikati ya mstari, akageuza shingo. Baba alikuwa amekaa kizingitini anapaka patasi zake mafuta ya taa, hakuinua uso. Sote tukamtazama. Mama akasema, "Tena, kutoka mwanzo."

Hakuna aliyetuhubiria siku ile. Nimekuwa mwalimu wa skuli ya msingi maisha yangu yote ya kazi, na sijaona somo lililoingia kwa kina kama lile, wala sijui njia ya kuliandaa. Mzazi hachagui ni lini mtoto atamtazama.

Jambo la pili la baba lilikuwa ujira. Vibarua wake aliwalipa siku hiyo hiyo kabla ya magharibi, yeye akiwa bado na vumbi la mbao kichwani. Torati inaagiza hivyo, jua lisituwe na ujira wa mtu uko mfukoni mwako. Lakini baba alikuwa na hesabu yake nyingine. Wengi wa vibarua walikuwa Waislamu, na alitaka mtu anapoingia msikitini kwa sala ya magharibi awe ameshapata haki yake, asisimame mbele ya Mungu na kinyongo juu yake. Kama siku hiyo hana fedha, alikwenda kukopa. Aliona afadhali adaiwe na mwenye duka.

Na mama alikuwa na kuku wake wa Krismasi. Alfajiri ya sikukuu, tukishatoka misa ya usiku, alituma mmoja wetu kwa Bi Mkubwa kumwomba kijana wake aje achinje. Nyumba nyingi za Wakristo hapa zinafanya hivyo mpaka leo: anachinja Mwislamu ili jirani akija asiwe na shaka na nyama. Nilimsikia mgeni mmoja kutoka bara akimuuliza mama kama huko si kuinyenyekesha dini yake. Mama akamjibu kwamba yeye haoni furaha ya kuzaliwa kwa Bwana ikiwa jirani atakaa na sahani ya wali mtupu. Ndivyo tulivyokua. Ramadhani hatukula barabarani. Ijumaa Kuu Bi Mkubwa aliwanyamazisha watoto wa kwake wasipige kelele upande wetu, tukirudi kutoka Mkunazini na nyuso zimetulia. Baba alipenda tusali Ijumaa Kuu kule kwenye kanisa kuu, lililoanza kujengwa 1873 pale pale palipokuwa soko. Hakusema kitu tukiwa ndani. Alitusogeza tu karibu na madhabahu, mahali ambapo wazee husema ndipo watu walipofungwa na kuchapwa, tukasimama.

Alipofariki hakuwa ameandika wosia. Seremala wa makamo yake hakuwa na tabia ya makaratasi, na alituamini.

Mume wa Bi Mkubwa alikuwa ametangulia miaka michache kabla, na niliona wenzetu walivyofanya. Kwao mafungu yanajulikana kabla mtu hajafungua mdomo: mke fungu lake, binti lake, mtoto wa kiume maradufu ya binti. Unaweza kulipenda au usilipende, lakini hakuna anayeuliza mimi napata nini. Sisi Wakristo hatuna jedwali hilo. Hata Bwana Yesu alipofuatwa na mtu aliyetaka amwamuru ndugu yake wagawane urithi, alikataa kuwa mgawanyaji wao, akawaonya wajilinde na choyo. Maana yake kazi ya kugawa imeachwa mikononi mwa ndugu wenyewe, na choyo kimeachwa humo humo pamoja nao.

Tulikaa na shangazi, dada yake baba, baada ya matanga. Tukakubaliana kwa mdomo: kaka achukue nyuma, mdogo wetu wa kike achukue mbele, mimi nibaki na nyumba ya zamani na mama ndani yake. Wakati ule mbele na nyuma vilikuwa sawasawa. Kisha Mbweni ikabadilika. Wenye uwezo wakaanza kujenga, zikaja kuta ndefu na mageti, hoteli ufukweni, na kipande kinachogusa barabara kikawa na thamani ambayo baba asingeiamini. Mtu akaja na fedha taslimu akitaka mbele.

Kaka alikuwa Tanga, ana watoto wanaosoma. Alipopata habari alipiga simu, yakasemwa maneno ambayo sitayaandika. Mdogo wetu akaacha kupokea simu zake. Wakakaa hivyo miezi, na mimi katikati, na mama akiuliza kila siku kwa nini mwanawe haji. Karatasi hakuna. Shangazi ameshazeeka, kumbukumbu inamtoka. Kama kaka angetaka kuivunja ile ahadi, nani angemzuia? Angeweza kwenda mahakamani akasema hatujawahi kugawana, na pengine angesikilizwa.

Alikuja kwa boti. Tukakaa sebuleni, mdogo wetu kaja pia kwa kuombwa sana. Kaka akanywa chai yake, akaweka kikombe chini, akasema, "Tuliyosema mbele ya shangazi ndiyo hayo. Sibadili." Akaomba aonyeshwe chumba alicholala mama.

Nilimsindikiza bandarini siku ya kurudi, nikamuuliza. Akaniambia kwamba njia nzima ya baharini alikuwa anapanga maneno ya kudai, na alikuwa na hoja nzuri. "Lakini kila nikizipanga kuna mstari unaingia katikati. Na nauona mlango wa mvule." Hakusema zaidi, na boti ilikuwa inapakia.

Isidhaniwe kwamba yote yalikwisha vizuri hapo. Mkewe hakufurahi, na sina la kumlaumu, kwa sababu ada hazilipwi kwa Zaburi. Iliwabidi wamhamishe mtoto mmoja skuli. Mdogo wetu hakuuza. Alijenga, na mpaka leo sehemu ya kodi ya vyumba vyake inakwenda Tanga, ingawa hilo hawajawahi kulizungumza mbele yangu. Sote watatu tukaenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, kisha kwa wakili, tukaiandika ile ahadi.

Tangu hapo nimekuwa king'ang'anizi wa jambo hili kwa Wakristo wenzangu wa Unguja na Pemba. Andikeni wosia. Usimwachie mwanao imani na fumbo la kiwanja pamoja, ukategemea imani ifumbue. Ndugu zangu waliweza, lakini niliona jinsi ilivyowagharimu, na nawajua wengine waliolelewa vyema kama sisi ambao leo hawakai safu moja kanisani.

Wanangu ni watatu. Wa kwanza na wa mwisho wanasali, wanaimba kwaya, nashukuru. Wa pili haendi kanisani. Aliacha alipokuwa chuo kikuu, na nimekwisha kulia nikamaliza. Ni mkandarasi mdogo, anajenga Fumba na kwingineko. Mwaka jana nilikwenda kumtembelea kazini, jioni nikamkuta ameinamia simu, anatuma fedha kwa kijana mmoja mmoja, wakimtajia namba. Nikamwambia si ungelipa Jumamosi kwa pamoja, upunguze makato ya kutuma. Akaniambia, "Mama, magharibi inaingia." Hakuwa anajua ametaja kitu gani. Babu yake alifariki yeye bado anatambaa. Ameyapata kwangu, na mimi sikumbuki nilimwambia lini.

Sisemi kwamba ujira unatosha badala ya sala. Namtaka mwanangu kanisani, na namwombea kwa jina kila usiku. Lakini nimekataa kusema kwamba hakurithi.

Wajukuu wako Dar es Salaam na Unguja, na mkeka mmoja haututoshi tena. Kila jioni narekodi mstari mmoja wa Zaburi kwa simu, nautuma kwenye kundi la familia, nao wanaurudia kwa sauti zao na kunitumia. Wadogo wanakosea matamshi, narudisha. Wakubwa siku nyingine wanapuuza, na sigombi nao, natuma tu wa kesho. Bi Mkubwa alisema nisimwachie mwalimu peke yake.

Wosia wangu nimeuandika mwaka huu, kurasa mbili. Wa kwanza ni wa wakili: nyumba ya zamani ni ya nani, vyombo ni vya nani, deni la nani lilipwe. Wa pili nimeuandika kwa mkono. Una orodha ya Zaburi ambazo kila mjukuu azishike kabla ya kipaimara. Una majina ya kuombewa usiku, tangu watoto wa jahazini tunaowajua hadi yule mama. Una jina la mtoto wa Bi Mkubwa, ambaye sasa ndiye anayetuchinjia kuku, na maagizo kwamba sahani ya kwanza iende kwao. Nimewaita watoto wote watatu wausome nikiwa hai, ili mwenye neno aseme. Yule wa pili ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wenzake. Alitaka kujua majina ya watoto wa jahazini tuliyapataje, akachukua kalamu, akaanza kuyanakili.